Makala Kumi na Moja na Kisima Kimoja

Daktari Nzioka,

Mkeo amenitumia furushi kwa basi. Ndani mna kijitabu cha mazishi yako, chenye picha yako umevaa tai ambayo hapa Garissa hukuivaa hata siku moja, na kwenye ukurasa wa nyuma orodha ya maandishi yako yote. Makala kumi na moja. Saba za kemia, nne za saikolojia ya jamii. Mkeo ananiambia mchungaji aliisoma orodha yote kaburini, na watu wakashangaa kwamba mtu mmoja aliweza kujua chumvi ya maji na pia mioyo ya wanadamu. Mimi sishangai. Nilikuwepo siku ulipovuka kutoka kwenye maji kwenda kwenye mioyo.

Nililitafuta jina langu. Usicheke. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari, kama mtoto wa madrasa anayejifunza alif. Miaka minne, kila shule ikifungwa, nilifunga maabara nikakufuata. Nilibeba chupa zako, nikakutafsiria, nikakutafutia pa kulala Bute na Griftu na kwingine ambako hata ramani yako haikupajua. Jina halimo. Nikasema sawa, ndivyo wasomi walivyo, Bishar ni msaidizi wa maabara ya sekondari tu. Hasira yangu haikuanzia hapo. Ilianza nilipofungua makala ya kumi na moja, ile ambayo kwenye orodha imeandikwa "inachapwa"; ilitoka wewe ukiwa tayari mchangani, na mkeo ametia nakala yake kwenye furushi. Katika hiyo, Daktari, mimi nimo.

Nitafika huko. Kwanza nikukumbushe kisima.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, ukame umeanza kulegea. Tulifika kwa Eeddo Dahabo, nusu siku kutoka Griftu. Eeddo ni shangazi, lakini kwetu kila mama wa umri ule ni eeddo. Mumewe ndiye aliyekichimba kile kisima, na ukuta ulimwangukia humo humo akiwa bado anachimba. Wanawe walimtoa, wakamzika, wakarudi kumalizia kazi. Mjukuu wake Shukri, msichana wa miaka saba hivi, alituletea kikombe cha bati kwa mikono miwili. Eeddo akakuambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Kunywa, Daktari. Usiogobe. Maji ya marehemu hii."

Ukanywa, ukakunja uso. Ukapanga vyombo vyako juu ya boneti ya gari, ukadondosha ile nitrati ya fedha ya kupimia chumvi, tone kwa tone, mpaka maji yakageuka rangi ya matofali. Ukaandika, ukaniambia, "Mwambie maji haya yana chumvi kupita kiasi."

Nikamgeukia Eeddo, nikamwambia kwa Kisomali kwamba Daktari anasema maji ni matamu, Mungu amrehemu aliyeyachimba.

Ningesema nini? Kwetu mgeni hasemi ubaya wa kisima, hasa kisima kilichomla mwenyewe. Kuyasifu maji ni kumwombea dua aliyekufa. Ukiyakashifu, umemkashifu yeye. Hata aliyefundishwa kemia anajua hivyo.

Hukujua Kisomali lakini uliuona uso wake ukichangamka, na njiani ukanibana. Nilipokueleza ulisimamisha gari, ukacheka mpaka ukafuta machozi. Kisha ukatoa daftari. "Bishar," ulisema, "kemia inaniambia maji yana nini. Haiwezi kuniambia kwa nini wewe umedanganya." Nilicheka nawe. Nilijiona nimekupa kitu kizuri, na kweli nilikupa. Kutoka siku ile tulizunguka visima vyote tukiwauliza watu maji yao yakoje, kwanza mmoja mmoja, kisha mbele ya wazee wao, nawe ukilinganisha majibu. Makala ya nane, ya tisa na ya kumi. Nilizijua zote kabla hazijachapwa.

Tulikuwa na siku nzuri, sikatai. Ulikuwa unaniletea machungwa ya Machakos kwenye kikapu. Baba yangu alipofariki ulikaa na wazee siku tatu mkekani, huelewi neno, unaitikia amina wakiitikia. Mama yangu hakusahau. Nakutajia haya ili ujue ninayemkasirikia ni nani. Mtu nisiyempenda nisingemwandikia.

Sasa ile karatasi. Ulikuwa umepeleka chupa za visima vyote maabara ya Nairobi, na majibu yakaja kwa posta. Ukayasoma mara mbili, ukanipa. Maji ya Eeddo Dahabo yalikuwa na floraidi nyingi mno. Chumvi mtu huionja akajihadhari. Floraidi haionjeki. Inayageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na mtoto akiendelea kunywa inaingia kwenye mifupa. Wewe ndiye uliyenifundisha hayo, palepale, kwa chaki. Na ulijua, kwa sababu ulikipima pia, kwamba kisima cha pili, mwendo wa asubuhi kwa punda, kilikuwa salama. Wangeweza kuwaachia mifugo hiki, na watoto wakanywa cha kule. Hilo tu.

Nikasema twende tukawaambie. Ukasema, "Tutakwenda. Acha kwanza makala itoke." Ya kemia ikatoka, imo kwenye orodha, ni ya tano. Nikakukumbusha. Ukasema, "Tukiwaambia leo, kesho watanijibu kwa woga, na maswali yangu yote yatakuwa yameharibika. Mwaka mmoja tu, Bishar." Mwaka ukazaa mwaka. Ili upate makala za mioyo, ilibidi wasijue kilichoandikwa kwenye makala za maji. Nami niliitikia. Sikufungwa kamba, sikutishwa. Nilikuwa nakuheshimu, na nilipenda kuitwa mwenzako, na kila nilipokwenda kule nilipewa kikombe na nikakinywa.

Kila tulipoonana ulikuwa unaniuliza, "Bado hujamwambia mtu?" Nasema bado. Unatikisa kichwa, unaandika kidogo kwenye daftari moja jembamba. Nilidhani unafurahi kwamba nimetunza siri yako.

Kisha sukari ikakulaza, na sukari ikakuchukua. Barabara ilikuwa imekatwa na ile mvua kubwa, sikufika maziko. Ilipofunguka nilikwenda kwa Eeddo Dahabo, kwa sababu ulikuwa mgeni wake na haikufaa asikie habari yako sokoni. Shukri hakuniletea kikombe. Alikuwa ameketi mlangoni, na aliposimama niliona magoti yake yamepinda nje. Meno yake sitayaeleza, uliwahi kunichorea mfano wake ubaoni. Eeddo akasema ni jicho baya, au mtoto alizaliwa na mifupa milegevu. Mimi nikampa habari yako.

Nilipomwambia umekufa alilia, Daktari. Hakuuliza dini yako. Aliinua mikono akakuombea, kisha akasema, "Yule ndiye aliyetoka mbali na vyombo vyake, akapima, akasema maji ya mzee wangu ni matamu." Kila asubuhi akiteka maji humwombea mumewe, na tangu siku ile anakuombea na wewe. Nilikunywa kikombe changu, nikarudi Garissa.

Haya, makala ya kumi na moja. Niliisoma kwa kamusi, siku mbili. Inahusu mtu anayejua jambo lakini halisemi. Umeandika kwamba mkalimani mmoja, mwenyeji wa kule na mjuzi wa maabara, aliyajua matokeo ya kisima kwa zaidi ya miaka mitatu asimwambie hata mama mwenyewe wa kisima, kwa sababu adabu ya kwao ilikuwa na nguvu kuliko elimu yake. Umemwita Mhojiwa M. Umeandika tarehe ulizomuuliza, na kila alipojibu bado. Hukuandika ni nani aliyemwambia anyamaze.

Kwa hiyo lile daftari lilikuwa langu. Ulikuwa unanipima tone kwa tone, unangoja nigeuke rangi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ulikuja. Mwenyeji gani alipona?

Na najua ungenijibu nini: "Lakini nimeandika uongo gani, Bishar?" Hukuandika uongo, na hilo ndilo linaloniuma. Ukiwa hai nilikuwa na kisingizio, nasema Daktari amekataza. Sasa umekufa miezi saba, na bado sijamwambia. Mhojiwa wako angali anajibu vilevile.

Jumamosi kuna lori la kwenda Wajir, na kutoka Wajir sitakosa la Griftu. Nimenakili matokeo yako kwa Kisomali, ya kisima chake na ya kile cha pili. Eeddo atanipa kikombe, nami nitakiweka chini bila kunywa, na hapo atajua kuna jambo. Nitamwambia hukusema maji ni matamu. Ulisema ni mabaya, nikageuza mimi. Kisha nitamwambia ulikuja kujua zaidi ya hapo, nami nikajua, tukamwacha Shukri aendelee kunywa. Nakuahidi sitakutwika peke yako. Sehemu yangu nitaisema kwanza, na kwa jina langu, siyo kwa herufi moja.

Sijui kama nitaruhusiwa kukanyaga pale tena. Lakini Shukri ana mdogo wake aliyeanza kuota meno, na bado ni meupe.

Kwaheri, Daktari. Kuanzia Jumatatu, ile dua ya kila asubuhi kisimani usiingoje.

Bishar