Si Malipo, Mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia, maana mwaka mzima sasa shikamoo yako haijafika Ibra, huku kwa Waarabu. Anayeandika ni jirani yetu Bi Asha. Mimi kalamu siijui, maneno ninayo.

Wakumbuka kiangazi chetu cha mwanzo hapa, tulipotoka Unguja? Ulikuwa na miaka kumi. Ulirudi kutoka kuteka maji kwenye falaji, ule mfereji wa mji, pua yachuruzika damu mpaka kifuani. Wanawake wakaanza kunong'ona: jicho, sijui kosa la mzazi. Nikawafokea, "Jua hilo! Mpisheni mtoto!" Nikakulaza, nikakuwekea kitambaa cha maji. Ukaniuliza, "Mama, nitakufa?" Nikakwambia, "Ufe, vyombo aoshe nani?" Ukacheka na damu yako puani.

Basi akili ile niliipeleka wapi siku mimba yako ilipoharibika? Umelala hospitali, nami nikakusimamia, nikakwambia, "Haya ndiyo malipo ya kuolewa na mtu wa Sur bila radhi yangu." Bi Asha hataki kuliandika hili. "Aibu, Bi Zuwena." Nimemwambia aliandike. Kulisema nililisema kwa mdomo mpana.

Mwezi uliopita nililazwa mimi, kwa kifua. Nesi wangu Kamala, wa Sri Lanka, dini yake ya Buddha. Kiarabu chake kibovu kama changu, kwa hivyo tulielewana. Nikamchokoza, "Kwenu si mwasema kila maumivu ni malipo ya matendo ya zamani?" Akasema hata kidogo. Buddha wao aliulizwa hivyo hivyo, akajibu kuwa wasemao hayo wamepita mpaka. Maumivu mengine ni safura, yaani nyongo, mengine balghamu, mengine riahi, ule upepo wa mwilini, au vyote vimechanganyika. Mengine hewa imebadilika, au mtu hakujitunza mwili, au kapigwa. Na mengine, ndiyo, ni matendo.

Nikacheka mpaka nikakohoa. "Safura na balghamu? We mtoto, hayo ni ya babu yangu muuza dawa!"

Kisha akasema, kitendo chenyewe ni nia. Hapo sikucheka. Mimi Muislamu, dini yake sikuifuata, lakini nia naijua. Mtoto wako aliondoka kwa jambo la mwili, hukukosa kitu. Neno langu ndilo nililolinuia likuume. Katika maumivu yako yote, hilo moja lilitokana na kitendo, na kitendo ni changu. Nisamehe.

Nasikia una mimba ya miezi saba. Njoo uzalie kwangu. Chumba nimekipaka chokaa, samli na mdalasini vipo. Mumeo naye aje. Nitamwita mwanangu, hata akininunia.

Usipokuja, Ijumaa napanda gari mwenyewe mpaka Sur, nikukande huko huko. Na nikitapika njiani, usiniambie nalipwa. Ni kona za barabara.

Mama yako, na bibi wa huyo anayekupiga mateke