Sahani ya Sista Neema

Jumatatu, 14 Julai
Salma kashakula. Maziwa, kisha maji ya kusafisha mpira wa tumboni anaolishiwa. Makohozi nimeyafyonza kwa mashine mara tatu tangu alfajiri. Saa tatu kaja Sista Neema, muuguzi wetu. Anakuja siku tatu kwa wiki amwangalie mwanangu, mimi nilale. Sikulala. Nimekuna nazi, nimepika mbaazi na maandazi. Neema kala. Nikamwongeza, akakataa, nikamwongeza tena.

Mama yangu, Mungu amrehemu, kule Mbegani alikuwa hivyohivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba ile haikukosa mtu wa kula.

Jumatano, 16 Julai
Leo mkate wa kumimina. Iliki ikinukia, nyumba inarudi ile ya zamani. Salma wa miaka mitano alikuwa akisimama magotini pa mgeni mpaka amegewe. Nilikuwa namfinya kwa siri, ananiaibisha. Kisha ikaja homa ya uti wa mgongo. Mwaka wa tatu huu hajameza kitu. Najuta kumfinya.

Sikulala tena. Macho kama yana mchanga.

Ijumaa, 18 Julai
Nimefanya jambo baya.

Samaki wa kupaka. Neema kasema atakula baadaye, kifua cha Salma leo kinakoroma. Nikamvuta mkono hadi mkekani. Tonge mbili tu, nikamwambia, chakula hakikataliwi. Akanistahi, akaketi. Tuliporudi chumbani Salma midomo ya buluu, makohozi yamemziba. Neema kafyonza, kamgeuza, kafyonza tena. Mimi nimesimama na bakuli la mchuzi. Mtoto alipovuta pumzi, Neema akakaa sakafuni akalia.

Kosa ni langu. Naliandika nisije nikalikana.

Jumamosi, 19 Julai
Ujumbe wa Neema: "Mama Salma, nisamehe, sidhani kama nitarudi. Kwako nimekuwa mgeni, na mgeni hawezi kuuguza."

Ana haki. Nimemkasirikia hata hivyo, saa nzima. Bila yeye siwezi. Mwezi uliopita nilisinzia wakati namlisha, maziwa yote yakaishia kitandani. Siku nyingine nitasinzia na makohozi yako kooni. Naogopa. Baba yake yuko Mtwara kikazi, kwenye simu ananiambia nivumilie. Nivumilie nini zaidi.

Jumatatu, 21 Julai
Nimempigia. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, yakapotea. Nikasema kitu ambacho sikukijua mpaka kiliponitoka: sikuwa nakulisha wewe, nilikuwa namlisha Salma. Ukila namwona yeye. Miaka mitatu humu ndani hakuna anayeniambia mama, niongeze.

Akasema: "Nitakuja Jumatano. Chai nitakuja nayo kwenye chupa. Na wewe utalala."

Jumatano, 23 Julai
Kaja. Tumesalimiana, kanawa mikono, kaingia kwa Salma moja kwa moja. Jikoni sikuwasha moto. Nilizungukazunguka, sijui nishike nini, mwisho nikajilaza.

Adhana ya adhuhuri sikuisikia. Nimeamka karibu na alasiri, nimeswali mwishoni mwa wakati. Neema kapitiliza saa zake, hakunigongea.

Nina njaa. Njaa hasa, ya tumbo. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Nimepasha kiporo cha wali, nimekaa kando ya Salma, nimekula mpaka nikashiba. Yeye amelala, kifua kimetulia.

Sahani moja tu. Nimeiosha.