Posta ya Zamani, Vipindi Viwili

Jumamosi, 3 Agosti

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata paka: ninajua dada yuko wapi.

Humu ndani dada hatajwi. Tangu mwaka juzi, alipoacha chuo cha ualimu akaenda jijini kuwa kinyozi. Baba alisema hakumsomesha mtu ili akashike vichwa vya watu. Dada akajibu kwamba baba naye miaka yote kazi yake ni vichwa vya watu, ila vya kwake yeye kinyozi angalau vinatoka nadhifu. Lilikuwa jibu zuri mno! Ndiyo maana kesho yake kitanda chake kilikuwa kitupu.

Huwa ananiandikia mimi. Mesiji fupi fupi. Saluni yake iko mkabala na posta ya zamani, ana kiti chake na kioo chake. Nasoma, nafuta, nanyamaza. Kunyamaza naweza. Shuleni wananiita Mnong'ono, na jina limenifuata mpaka nyumbani.

Sasa leo! Tunakula mchana, baba akagonga glasi kwa kijiko — ni makamu mkuu wa shule, hawezi kuanza jambo bila kengele. Jumamosi ya tarehe kumi na saba, familia yote, jijini. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mama akauliza, kuna nini huko? Baba: "Elimu." Bibi akasema elimu aliyonayo inamtosha, lakini atakuja kutuangalia tusipotee.

Jijini! Nilichanganyikiwa nikanywa maji ya baba.

Jumapili, 4 Agosti

Baba amepiga mistari karatasi. Ratiba ya shule ni yeye anayeitengeneza, kwa hiyo jiji zima sasa ni vipindi nane, na dakika tano za kuhama. Makumbusho, mnara, daraja, jumba la samaki, soko kuu, yote. Bustani ya wanyama imepata kipindi kimoja tu. Mama akasema hatutawamaliza. Baba: tutaona simba na twiga, waliobaki ni marudio.

Bibi akauliza choo ni saa ngapi. Baba: baada ya kipindi cha tatu.

"Mwanangu," bibi akasema, "kibofu changu hakijui kusoma ratiba."

Mimi nimepewa tovuti ya jiji niisome kwenye simu, kwa sababu iko kwa Kiingereza na herufi ni ndogo kama chawa. Nikasoma kwa sauti — yaani kwa sauti yangu, kwa hiyo wote walilazimika kusogea. Na hapo ndipo nikafanya jambo ambalo sikujua naliweza. Nikasoma: "Wageni wanashauriwa wasiikose posta ya zamani."

Uongo mtupu! Tovuti inasema posta ya zamani imefungwa, na wapita njia wajihadhari na vigae vinavyodondoka.

Nikangoja baba anikatalie. Huyu ni mtu aliyewafyeka wanyama wa bustani nzima wakabaki wawili! Akaitikia kwa kichwa pole pole. "Historia ni muhimu," akasema. Akaandika. Vipindi viwili mfululizo, kama hesabu!

Kumbe nina kipaji cha uongo. Nimeogopa kidogo. Nimefurahi zaidi.

Dada sijamwambia. Akijua, atatafuta sababu ya kutokuwepo siku hiyo. Namjua.

Jumatano, 7 Agosti

Ratiba inavutwa huku na huku. Mama anataka mnara utolewe, eti ngazi nyingi, muda huo uwe wa vifungo. Vifungo gani? Kuna duka la vifungo, kasikia, karibu na posta ya zamani. Mama ni fundi cherehani. Ana makopo manne ya vifungo chini ya meza! Vingine vinasubiri shati tangu sijazaliwa.

Bibi naye: goti lake likianza kuuma apewe pa kukaa. Baba akauliza litauma kipindi gani. Bibi akafikiri. "Cha tano na cha sita."

Posta! Nikashangaa, goti gani hili linalojua njia?

Na baba hakubisha. Baba, ambaye hubishana na redio!

Halafu nywele zake. Wakati wa masomo anamrudisha mwanafunzi nyumbani nywele zikizidi punje ya mchele. Sasa zake mwenyewe zinainua kofia. Leo kinyozi wa hapa mtaani kampigia kelele kutoka kibarazani: "Mwalimu, umenihama? Au nikuitie watu wa misitu?" Watu wote wakacheka. Baba akasema yuko likizo. Mama akamwambia, Mwalimu, mimi sipandi basi na kichaka. Baba akajibu kila kitu kina kipindi chake, akaingia ndani.

Jumamosi, 10 Agosti

Mazoezi! Baba ametupeleka shuleni kufanya mazoezi ya jiji. Sitanii.

Shule tupu, nyasi zimefika magotini, na sisi wanne tumevaa nguo za safari. Maktaba ikawa makumbusho. Tangi la maji likawa mnara. Banda la kuku la mlinzi likawa bustani ya wanyama. Baba akasema hao ndio simba, bibi akawaamkia. Baba mbele na kengele mkononi, mlinzi nyuma yetu kwa mbali, kama mtu anayewaza amwite nani.

Niliomba Mungu asipite mtu wa darasani kwetu. Wakapita wawili, na baiskeli. Mmoja akapiga kengele ya baiskeli, baba akadhani ni yake akatuhamisha mapema. Basi, maisha yangu yamekwisha, tuendelee.

Kila mahali tulichelewa. Makumbusho, bibi kasinzia. Mnara, mama kakumbuka hajafunga dirisha la jikoni. Darajani — ubao juu ya mtaro — mimi nilikwama katikati kwa sababu wale wa baiskeli walikuwa wamerudi kutazama.

Halafu posta. Baba alichagua ukuta wa nyuma wa Kidato cha Pili. Ukuta mtupu, plasta imebanduka, mtu kachora pembetatu kwa mkaa. Tukasimama.

Bibi hakutafuta pa kukaa. Mama hakutaja vifungo. Tumesimama tu, wanne, tunatazama ukuta. Mlinzi akashindwa kuvumilia. "Samahani, Mwalimu. Mnatazama nini?"

"Posta," baba akasema.

Mlinzi akaja akasimama naye, akatazama. Akaondoka.

Muda ukaisha. Baba aliangalia saa, na kengele anayo, na hakupiga. Mkono mwingine ulikuwa kichwani. Anazipapasa zile nywele, taratibu, nyuma, kisha kwenye masikio — kama mtu anayefikiria atakavyomweleza kinyozi.

Bibi akauambia ukuta: "Hapa nitataka tukae zaidi." Mama akapenga kamasi.

Nikaelewa. Nikaketi palepale kwenye nyasi.

Wote wanajua!

Jumapili, 11 Agosti

Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Mama huongea na simu stoo, eti ni mteja. Mteja gani anaulizwa kama amekula? Bibi kila mara humpa kondakta wa basi la jijini kifurushi cha karanga, anasema ni za rafiki yake. Rafiki zake wote wamezikwa hapahapa! Na baba anafundisha Kiingereza. Herufi ndogo za kwenye insha zetu anaziona vizuri tu, hata mkato ukikosekana. Alijua ninadanganya kuhusu posta. Akaniacha nidanganye.

Kila mmoja anadhani kaiiba hii safari peke yake. Na hakuna anayesema. Tungekuwa familia ya wezi tungekamatwa siku ya kwanza, kila mmoja angebeba mzigo wake mwenyewe na kugongana mlangoni.

Mimi pia sisemi. Mimi ndiye mbaya kuliko wote, maana mimi ninayo namba yake na jina la mtaa na rangi ya kiti. Ni cha bluu.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo nilitaka kusema mezani. Nilikuwa nimepanga sentensi nzima. Nikafungua mdomo — wote wakanigeukia.

Nikaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Ijumaa, 16 Agosti

Basi letu ni alfajiri, kwa hiyo baba ameamuru wote tulale. Jua bado liko! Kuku wa jirani bado wanazurura, watoto wanacheza mpira nje, na mimi niko kitandani kama mgonjwa. Mama kafunga vikapu. Ufunguo wa mlango mkubwa uko kwenye kamba, utavaliwa na bibi shingoni.

Simu imetetemeka sasa hivi. Dada.

"Mdogo wangu! Nimepewa kesho nipumzike. Nakuja nyumbani. Napanda basi la usiku, asubuhi mkiamka nipo mlangoni. USIMWAMBIE MTU, mtu akinisubiri nitakosa ujasiri. Nimebeba mashine. Mzee akinifukuza, atanifukuza akiwa amenyolewa. Chaji inaisha."

Jamani!

Nimemwandikia USIPANDE. Tiki moja. Nimemwandikia SISI NDIO TUNAKUJA HUKO. Tiki moja. Nimepiga. Yule mwanamke wa kwenye simu anasema mteja hapatikani, kwa sauti ya mtu asiye na dada.

Yaani kesho mabasi mawili yatapishana njiani. Sisi tutasimama mbele ya posta vipindi viwili tukitazama kiti kitupu. Yeye atasimama hapa na mashine yake mkononi, anatazama kufuli. Na dada ninavyomjua — kufuli hilo ataliona ni jibu la baba. Atageuza na basi la kwanza. Hatakuja tena, na hatamwandikia mtu tena.

Lazima niseme. Leo, si kesho. Alinikataza, ndiyo, lakini alinikataza akidhani tuko nyumbani. Hata si habari ndefu! Dada anakuja, tusiende. Maneno matatu. Na moja la hayo ni neno ambalo halijasemwa humu ndani tangu mwaka juzi. Nimelijaribu kwa sauti nikiwa nimezika uso kwenye mto. Nadhani hata mto haukusikia.

Nikimwambia mama, atalia, baba atajua kwa mlio. Nikimwambia bibi, utajua mtaa mzima. Nikimwambia baba — sijui. Sijui kabisa. Kukatwa nywele mbele ya posta, jijini, kama mteja tu aliyeingia kwa bahati, ni jambo moja. Kumfungulia binti yake mlango wa nyumba ni jingine. Labda anaweza lile na hili hawezi. Labda ndiyo maana tunakwenda wote watu wanne mpaka jijini badala ya yeye kuandika mesiji moja.

Ngoja. Hatua.

Fimbo ya bibi, kwenye ukumbi. Imesimama mlangoni kwangu. Habishi hodi.

Sasa ndala za mama! Zimekuja haraka, zikakwama. Anamwuliza bibi kwa sauti ya chini anatafuta nini. Bibi anasema choo. Choo kiko upande ule mwingine! Na wewe je, mwanangu? Mama anasema uzi. Chumbani kwangu hakuna uzi.

Na viatu. Viatu, si ndala — baba kalala na viatu! Vinakuja moja kwa moja, vimeona, vimesimama. Wako watatu nje ya mlango wangu na hakuna anayemwuliza mwenzake chochote.

Baba anakohoa. Anasema yeye alikuwa anataka tu kumwuliza huyu mtoto kama pale posta, mkabala, kwa kawaida mtu anaweza kumkuta... Hakumaliza.

Hakuna aliyecheka. Mama anasema pole pole, "Mwulize, Mwalimu."

"Amelala."

"Hajalala," bibi anasema. "Nasikia kalamu."

Kitasa kinashuka. Ukurasa huu chini ya godoro — naketi — naanza na lile neno —