Nozeli ya Tatu

Mirongo, Mwanza
14 Agosti 1996

Kwako kaka Mashimba,

Shikamoo kaka. Natumaini mko wazima hapo Bujora, wewe, shemeji Sabina na watoto. Mama anaendeleaje na miguu yake? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inaniuma, na nitakueleza.

Wiki iliyopita alipita hapa gerejini Nurudin, fundi aliyesomea magari haya mapya yanayotoka Japani. Nikamwuliza kuhusu injini kama ya pikapu yako. Akanieleza kwamba humo hamna kabureta. Pampu husukuma petroli kwa nguvu mpaka kwenye nozeli, na boksi la umeme huamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Hufunguka kufumba na kufumbua, ikapuliza petroli kama ukungu. Tundu lake ni dogo mno. Anayelichokoa kwa waya ameliharibu, maana petroli haipulizwi tena, inadondoka, inaosha oili kwenye silinda, na injini inanoki, inakufa kabisa.

Kaka, nilikaa chini pale pale juu ya tairi.

Unakumbuka uliniletea pikapu ikiwa haina nguvu? Nozeli zote nne nilizichokoa kwa waya wa breki ya baiskeli. Miaka kumi na miwili nimesafisha kabureta hivyo hivyo, sasa mimi huyu ningemwuliza nani! Injini iliponoki njiani Kisesa, nikakuambia dereva wako Malimi alijaza petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, pesa iliyobaki akatia mfukoni. Ukamfukuza, naye alikutumikia miaka sita. Siku hizi hata watoto wanamwita mwizi wa mafuta.

Nisikudanganye tena. Hata kabla ya Nurudin nilijua. Nilipoifungua ile injini, nozeli ya tatu ilikuwa inadondosha, tundu limechanika. Niliona, kaka. Nikaifuta kwa kitambaa, nikamtaja Malimi. Niliona aibu, basi.

Jana Malimi alinijia. Alisema hana mwingine wa kumsemea kwako, akaniomba nikuandikie barua ya kumwombea msamaha, ingawa anaapa hakuiba. Nikakubali. Akanishukuru sana, Mungu wangu!

Barua yenyewe ndiyo hii, na aliyekukabidhi ni yeye. Ile nozeli ya tatu nimeifunga ndani ya kitambaa alichokishika. Hajui kilichoandikwa. Nimeshindwa kumwambia usoni.

Nisalimie mama na wote nyumbani. Jumamosi nakuja, mniseme mtakavyo. Ila kwanza mkaribishe Malimi kiti, kaka, umsomee barua hii.

Ni mimi mdogo wako,
Chenge