Moshi Wangu Nimemtwika Mshenga

Shangazi Tahira, amahoro. Nakuandikia mikono ingali na masizi, unisamehe karatasi, ila roho yangu iko chafu kuliko mikono.

Mimi niko na karakana hapa Gatete, nayeyusha vyuma chakavu, bodi za gari, majembe yaliyokwisha, natoa nondo za kujengea, na kazi inatembea, namushukuru Mungu, ila moshi wa tanuri langu ni mwekundu mwekundu, na asubuhi upepo unaushusha ziwani, na hapo chini ndipo mama Hadjara anaanika ndagala zake, vile visamaki vidogo vya ziwa, na mama Hadjara ndiye mama wa Warda, na Warda ndiye nataka kumuoa. Sasa siku ya posa tukaletewa sahani ya ndagala za mama, tukatafuna, krr krr, kama muchanga, mujomba wa Warda akatema mbele ya watu, mama akalia kwa haya, akauliza ni moshi wa nani huu unamuharibia ndagala, na mimi, shangazi, ulimi ukanitangulia, nikasema ni wa Aruna, jirani yangu anayechemsha na kukamua mawese. Na Aruna ndiye mushenga wangu! Alikuwa amekaa hapo hapo. Hakukana, akanisitiri. Tangu siku ile wanawake wa ndagala hawanunui mawese yake, na kina Warda wamesema hawapokei tena neno kwa mushenga anayechafua chakula cha watu. Posa imelala, mwezi wa pili huu.

Feza niko nayo, niliweka ya kununua tanuri la pili. Lakini fundi Jephté wa Bujumbura alikuja akaniandikia devi, karatasi nzima ya gharama, ya mambo mengine kabisa: kofia ya bati juu ya tanuri, bomba la kupitisha moshi kwenye maji uoshwe, na birika la kuzungusha maji ya kupozea chuma badala ya kuyamwaga ziwani. Bei ni karibu ile ile ya tanuri. Nami najiuliza, kuosha moshi kunayeyusha chuma gani? Si bora ninunue tanuri, nipate, nifanye harusi kubwa, watu wasahau? Aruna nitamwambia avumilie. Usitaje jina langu gazetini, tafadhali. Halafu juzi mama Hadjara alituma mutu kuazima sumaku yangu ya kuchambulia vyuma, nikampa mbio mbio, labda hasira imepungua. Nifanye nini? Murakoze.

Muyeyusha chuma, Gatete

*

Ewe muyeyusha chuma,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa Gatete nzima tanuri la chuma ni moja tu.

Pole kwanza. Ulimi kuteleza mbele ya wakwe umewapata wengi, na wengine wameoa na wana wajukuu. Lakini anayeteleza huinuka siku ile ile. Wewe mwezi wa pili umelala pale ulipoangukia, tena umemlalia rafiki yako! Haya huna? Mtu amekusitiri kwa heshima yake mwenyewe, mawese yanamdodea, nawe unataka avumilie. Avumilie nini, raha yako?

Unauliza kuosha moshi kunayeyusha chuma gani. Na lile vumbi jekundu ni nini, unga wa muhogo? Ni chuma chako ulichonunua kwa kilo, kinapaa. Tanuri liko wazi kama sufuria bila kifuniko, joto linapasha mawingu, na makaa unanunua wewe. Ukiweka la pili utapoteza mara mbili, na ndagala zitakuwa nyekundu mara mbili. Weka kofia, weka bomba, weka birika, kama fundi alivyoandika. Makaa yatapungua, maji hutachota kila siku, na vumbi litakalobaki kwenye maji umuulize Jephté kama laweza kurudi tanurini. Tanuri la pili litangoja. Warda sijui kama atangoja.

Ila bomba halitasema neno lililo lako kusema. Mficha uchi hazai, bwana harusi. Kesho usiwashe moto. Nenda kwa Aruna, umuombe radhi nyumbani kwake, si njiani. Kisha mwende wote kwa mama Hadjara, Aruna mbele kama mshenga, wewe nyuma, na neno la moshi ulitoe wewe kwa kinywa chako. Mlipe ndagala zake zilizoharibika. Ukiletewa sahani, kula. Krr krr, mpaka mwisho, bila kuomba maji.

Na ile sumaku uliyoitoa mbio mbio. Mwanangu, masizi ya mawese hayashikwi na sumaku, hata uyabembeleze. Vumbi la chuma linashikwa. Mama huyo ameshaipitisha juu ya ndagala zake, ameshajua, na mpaka leo hajamwambia mtu. Anakungoja wewe.

Nenda kabla hajairudisha.

Shangazi Tahira