Karatasi Iliyokuja na Mpira wa Babu

Mwangaluka, dada Kabula. Hapa Bariadi jua ni kali na upepo unaleta nyuzi za pamba mpaka wodini, ila nakuandikia kwa sababu ninaogopa.

Unaujua ule mpira wa mkojo aliowekewa babu. Kule Shishiyu baba mdogo aliuacha miezi mitatu bila kubadilishwa. Kila asubuhi aliupangusa kwa maji moto, na kwa kuwa uling'aa, akaona ni safi. Leo nesi ameutoa na kuupasua mbele yetu. Ndani ulijaa utelezi wa kijivu.

"Ni kama kibuyu cha maziwa kisichosuguliwa," alisema. "Bakteria wamejifunika huo utando, dawa inapita juu tu."

Amemwekea mpya, uliopakwa chembechembe ndogo mno za madini ya fedha, ili bakteria wasipate pa kushika.

Babu anatetemeka kwa homa, lakini alicheka. "Bibi yako sikumvisha fedha hata siku moja, leo navishwa mimi." Kisha akanipa karatasi ya Kiingereza iliyokuja na mpira. "Wewe msomi, soma. Inasema nitapona?"

Niliisoma mara mbili. Inasema fedha huzuia utando usijengeke. Kuhusu bakteria waliokwisha kuingia kwenye damu, kama hao wanaompa babu homa, haisemi kitu.

Nikamwambia, "Ndiyo, babu, inasema." Akafumba macho, akalala.

Dada, njoo kabla hajaniomba niisome tena. Mungu awalinde njiani, wewe na mtoto.

Mdogo wako, Minza