Spoki Thelathini na Mbili

Kaka yangu mpenzi,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana si za kupokelewa kwa kusimama. Hujambo? Bega lako linasemaje na baridi hii? Na hilo ghala lenu la vigae, bado wanakuhesabisha maboksi mpaka unayaota? Huku sote wazima. Mama mzima, ila analalamika kwamba ukipiga simu unaulizia kuku kwanza, yeye baadaye. Shemeji yako naye mzima, ananenepa bila aibu. Mimi ni Kiroboto yuleyule uliyempa jina, kukaa kitini bado sijajifunza.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu, kila nikitaja baiskeli, unaniuliza kama mvua imenyesha. Barua huwezi kuikatiza. Basi vumilia, soma mpaka chini, usiruke mstari.

Kaka, nimechaguliwa kushiriki mashindano ya kupanda kilima. Ndiyo, yaleyale uliyoshiriki wewe. Ni Jumapili ya tatu kuanzia hii. Mwezi uliopita walitupima wanawake kumi na tisa, nikatoka wa nne, na huyo wa tatu nilimwona mgongo mpaka mstari wa mwisho, ningekuwa na mkono mrefu ningemshika fulana. Tangu siku hiyo silali vizuri kwa furaha. Kule kwenye karakana ya sare wenzangu wamenishonea fulana ya rangi ya chungwa kwa mabaki ya kitambaa cha zimamoto, na msimamizi wetu, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu azaliwe, alipita kwenye meza yangu ya kukatia akaniambia nisije nikaiaibisha idara. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Napanda baiskeli yako, ile ya mlimani uliyoniachia ulipoondoka ukasema niiuze au niitupe. Sikuiuza, sikuitupa. Gurudumu la mbele ni lilelile ulilolisuka mwenyewe, spoki kwa spoki. La nyuma ndilo linalonitoa jasho, lile la bei rahisi nililotafuta baada ya lako kukunjika. Ni zito, na kwenye kona linayumba kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Duka la baiskeli lililo karibu na benki wameweka dirishani jozi ya magurudumu mapya, meusi, mepesi, ringi pana. Nimeingia kuyatazama mara tano. Muuzaji siku hizi akiniona haulizi shida yangu, analizungusha tu la nyuma ili nisikie linavyolia, kisha anarudi kwenye gazeti lake, akijua mteja huyu ananunua kwa macho. Nikirudi nyumbani simu yangu ni picha za magurudumu, na chakula kinaungua. Shemeji yako alichoka, akachukua kipande cha boksi, akaandika upande mmoja sababu za kununua na upande wa pili sababu za kutonunua. Upande wa kununua niliujaza mimi. Upande wa pili aliandika jambo moja tu, kwamba kilima hupandwa kwa miguu. Mama alipoulizwa alisema yeye hajui magurudumu, anachojua ni kwamba ng'ombe hakondi kwa sababu ya kamba. Mpaka leo sijaelewa alikuwa upande gani.

Nikaamua nanunua. Nilichotaka kujua ni kama yataingia kwenye fremu yako, kwa hiyo Jumatano nilimpelekea baiskeli Mzee Taratibu. Humjui, alifungua karakana baada ya wewe kuondoka, pale palipokuwa na kinyozi. Ni fundi wa baiskeli mzee, na jina hilo si la bure, ukimwamkia leo anaitikia kesho. Karakana yake ni chumba kimoja, fremu zimening'inia darini, sakafu imefagiliwa kuliko jiko langu.

Alipandisha baiskeli kwenye stendi, akalizungusha gurudumu lako la mbele, akasogeza ukucha wa kidole gumba mpaka karibu kabisa na ringi, akangoja. Kaka, lilizunguka mpaka likasimama lenyewe na ule ukucha haukuguswa hata mara moja. Miaka sita ya mashimo na mawe, na mimi juu yake. Akalizungusha tena, kama mtu asiyeamini chenji aliyopewa. Akaniuliza nani kalisuka. Nikamwambia ni kaka yangu, kwa sauti ambayo nadhani hata wa duka la jirani walisikia. Akataka kujua karakana yako iko wapi.

Ikabidi nimweleze. Kwamba siku ya mashindano, kwenye mteremko wa kushuka kilima hichohicho, gurudumu la nyuma ulilolisuka mwenyewe lilikunjika chini yako, bega likavunjika, na ulipoletwa nyumbani ulisema mkono uliosuka gurudumu la kumwangusha mwenyewe hautasuka la mtoto wa mtu. Kwamba uligawa vifaa vyako vyote, ukaenda kuhesabu vigae. Mzee akauliza lile lililokunjika liko wapi. Nikamwambia Mama hajawahi kulitupa, liko stoo nyuma ya ndoo za rangi. Akasema nimletee.

Nililipeleka Jumamosi. Alivaa miwani, akavuta kigoda, akaanza kupitia zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye ringi, moja baada ya nyingine, zote thelathini na mbili, akiweka alama ya chaki. Alipomaliza aliniita nitazame. Nati kumi na sita za upande wa gia, kulia, zilikuwa laini kama mpya. Nati kumi na sita za upande wa kushoto zote zilikuwa zimetafunwa. Akaniambia aliyelisuka gurudumu hili alitumia ufunguo wake wa spoki, na kazi yake haikuwa na kosa. Baadaye alikuja mtu mwingine na koleo, akakaza upande wa kushoto wote, ringi ikabeba mzigo usio wake, na jiwe la kwanza kubwa likaimaliza. Akanieleza, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma, kwamba gurudumu la nyuma upande wa kushoto hulegezwa kidogo makusudi, ndivyo linavyotakiwa kuwa, na kila fundi anajua. Akasema aliyefanya hivi alidhani anasaidia. Akaniuliza kama namjua. Nikajibu simjui.

Kaka, mficha uchi hazai. Namjua. Ni mimi.

Asubuhi ile ya mashindano ulikuwa umeegemeza baiskeli kwenye ukuta wa jikoni, ukaenda kuchukua namba yako. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimejaa furaha yako kama vile mashindano ni yangu. Nikachukua kitambaa niifute ing'ae. Nikaanza kupiga spoki kwa kidole kama nilivyokuwa nikikuona unafanya, nikasikia za kulia zinalia kwa sauti nyembamba na za kushoto kwa sauti nzito. Nikazibonyeza, nikaona zimelegea. Nikajua umesahau. Nikachukua koleo la marehemu Baba, lile la mpini mwekundu, nikakaza moja moja, mzunguko kwa mzunguko, mpaka na za kushoto zikalia nyembamba. Gurudumu halikuyumba hata kidogo, nikajisifu. Breki zako ni za kisahani cha katikati ya gurudumu, haziigusi ringi, kwa hiyo nawe ulipopanda hukuhisi kitu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami sikuuliza. Nilitaka kukuambia ukirudi na ushindi.

Ulipoletwa bega limefungwa, ukasema mbele ya watu kosa ni la mikono yako, nilifungua mdomo. Mama akanituma maji. Niliporudi na maji, ujasiri ulikuwa umekwisha. Kesho yake nikajiambia labda ni jiwe tu. Nimejiambia hivyo miaka sita, na siku nyingine niliamini. Umeishi na kosa ambalo si lako, nami nilikuwa nakuona. Naomba unisamehe. Naona aibu, na ninalia sasa hivi, ila barua hii siichani.

Jumatatu nilirudi kwa Mzee Taratibu nikamwambia ukweli. Aliifuta miwani yake muda mrefu, akasema yeye hutengeneza magurudumu tu, hili lingine nikalimalize na mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo limenifanya niandike leo nisingoje kesho. Macho yake hayaoni tena vizuri, wateja wanaotaka gurudumu la kusukwa kwa mkono anawarudisha, na kuna kiti cha pili kwenye karakana yake hakijawahi kukaliwa na mtu anayejua kazi. Ameniagiza nikuulize kama bado unautaka mkono wako.

Kwa hiyo magurudumu ya dirishani sinunui. Muuzaji nimemuaga, karibu atoe chozi. La mbele nalibakiza. Kwa ajili ya la nyuma nimenunua ringi moja nzuri na spoki thelathini na mbili, na kile kitovu cha gurudumu lako Mzee amekisafisha, kinazunguka kama siku ulipokinunua. Stendi yake iko wazi Jumamosi ijayo na ile inayofuata. Simpi mtu mwingine alisuke. Usipokuja, nitapanda kilima na huyu mlevi wangu, na nitamaliza, unanijua.

Najua utafikiri nimetunga haya ili nikufariji. Ndiyo maana ndani ya bahasha kuna nati moja ya upande wa kushoto. Ipeleke dirishani uitazame kwenye mwanga, utaona meno ya koleo. Ufunguo wako haujawahi kuacha alama hiyo.

Mama hajui bado, nimeona usikie wewe kwanza. Una haki ya kukasirika, na ukasirike upendavyo, ila kasirika ukiwa kwenye basi la kuja huku. Mama anakusalimu, anasema kuku wazima. Shemeji yako anakusalimu, anasema uje umwokoe na picha za magurudumu. Nami nakusalimu mara nyingi kuliko karatasi inavyoweza kubeba.

Spoki ziko juu ya kabati, zimefungwa na uzi wake kama zilivyotoka dukani. Sijaigusa hata moja.

Mdogo wako akupendaye,
Kiroboto